Kuku Ndani ya Mutura

Nianze na jambo ambalo watu wa Makutano wanalijua na wachache wanalikubali: kati ya Embu na Meru hakuna mwanaume anayeweza kushibisha nyumba kubwa kwa nyama kidogo kunishinda mimi. Wapo wapishi wa mahoteli ya wazungu, wenye kofia ndefu nyeupe. Wape nyama laini na siagi, watakupikia vizuri, hata mimi nitasema asante. Wape kuku mmoja mzee, vitunguu viwili na wageni wanane, watatafuta mlango wa nyuma. Mimi nitawauliza wageni kama wangependa kuanza na supu.

Shule niliiacha darasa la tano. Hatukugombana, tulielewana tu kwamba hatufaani. Kwetu ni upande wa chini wa Embu, kule Mbeere, ambako mvua hupita juu kwa juu kama gari la waziri. Nikapanda kuja Meru na shati moja, nikaangukia mtaa wa Majengo, kwa mama mmoja wa Kiislamu aliyekuwa na kibanda cha supu karibu na mabucha. Aliniandika kazi ya kuosha matumbo. Siku ya kwanza aliinua kipande, akakinusa, akaniangalia.

"Wewe mtoto wa watu, haya matumbo umeyaosha au umeyaonyesha maji?"

Nikaosha tena. Nikaosha mpaka nikaota matumbo. Lakini kwa yule mama nilijifunza kila kitu ambacho mwenye pesa hutupa: mapafu, miguu, vichwa, shingo, mifupa ya mgongo, mafuta ya utumbo. Nilijifunza kwamba miguu ya kuku ukiimwagia maji ya moto ngozi ya juu inavuka kama soksi, na ukikata kucha na kuitupa sufuriani na tangawizi, inatoa supu nzito inayogandisha midomo. Leo nina hoteli yangu mwenyewe pale Makutano, meza kumi na mbili, na nyumba ya mawe ambayo walimu walionifukuza darasani hupita nje yake wakiangalia paa. Siwasemi. Nasema tu kwamba wanaangalia paa.

Na siri ya nyumba hiyo ni kuku wa leya.

Msiomjua, huyu ni kuku wa mayai. Anafungiwa, anataga, anataga, akichoka mwenye kumfuga anataka kumwondoa upesi ili aingize vifaranga wapya. Basi anauzwa kwa bei ya kufukuzia. Watu humkimbia kwa sababu nyama yake ni ngumu. Ukimkaanga kama broila, yule kuku wa nyama, utamtafuna mpaka taya liombe likizo. Makosa si ya kuku. Makosa ni ya mpishi mwenye haraka. Mimi namnyonyoa kwa maji ya moto yasiyochemka sana, nambabua manyoya madogo kwenye moto, namkata vipande vidogo, halafu namweka kwenye sufuria na vipande vya papai bichi, chumvi na tangawizi. Moto mdogo. Nafunika, naweka jiwe juu ya kifuniko, naenda zangu kubishana siasa. Nikirudi nyama inauachia mfupa bila kusukumwa. Yale mafuta ya manjano yanayoelea juu nayachota, ndiyo ya kukaangia sukuma wiki siku ya pili. Na ukimpasua huyo kuku utakuta ndani vile viini vya mayai ambavyo havijapata ganda, vimepangana kutoka kikubwa mpaka kidogo kabisa. Watoto wangu wanapigania hivyo kuliko wanavyopigania rimoti ya televisheni.

Hivyo ndivyo nilivyolea watoto wanne. Nyumbani kwangu napika mimi, hata sasa. Mama watoto ana vipawa vingi. Anauza nguo za mitumba soko la Nkubu na anaweza kumuuzia kasisi suruali ya kubana. Lakini ugali wake unaweza kujenga ukuta, na mboga zake nyeusi nilikwishazoea kuzipita kama mtu anavyopita mbwa wa jirani. Tulikubaliana zamani: yeye alete nguo, mimi nilete chakula. Majirani walicheka. Wakaonja. Wakanyamaza.

Sasa, baba mkwe.

Mke wangu ni wa huku Imenti, Meru, na baba yake ni mzee wa zamani kweli, mrefu, mkali, mwenye masikio makubwa na maneno machache. Tulikuwa tunaheshimiana kwa njia inayofaa, yaani tukikaa mbali. Kisha akashikwa na henia. Tukampeleka hospitali, daktari akampima akasema lazima apasuliwe, lakini hawezi kumpasua sasa. Damu ya mzee ilikuwa chini sana. Akilazwa juu ya meza na damu ile, anaweza asiamke. Na akikaa bila kupasuliwa, ile henia inaweza kujinyonga siku yoyote, na hapo tena ni kukimbizana na kifo.

"Mlisheni," daktari akasema. "Nyama, mboga za majani, maini. Mumrudishe baada ya mwezi, tupime tena."

Mke wangu akanitazama. Nikavuta kifua mbele. Kulisha? Mimi?

"Usiwe na wasiwasi," nikamwambia. "Baba yako atarudi hapa akiwa mnene hata wasimjue."

Mzee alikataa kulala ndani ya nyumba yetu. Kwa desturi yao baba hawezi kulala chini ya paa la mkwewe, na hata mimi nilifurahi, maana ningelalaje nikijua yuko nyuma ya ukuta akinisikia nikikoroma? Tukamtengenezea kile chumba cha nje karibu na geti, kitanda kizuri, redio, blanketi mbili.

Chakula chake cha kwanza nilipika kama napikia rais. Kuku wa leya, mchuzi mzito wa nyanya na dania, wali. Nikampelekea mwenyewe. Aliangalia sahani kwa muda.

"Hii ni nini?"

"Kuku, mzee."

"Ndege."

"Ndiyo, mzee. Kuku."

"Mimi sili ndege."

Nilikuwa nimesahau. Wanaume wa rika lake, katika ujana wao, hawakuwa wakila kuku. Kuku alikuwa kitu cha watoto kuchezea na kunguru kuiba. Mwanaume alikula kilicho na miguu minne. Wengine walibadilika walipoona maisha, yeye hakubadilika.

"Hata yai, mzee? Yai moja tu la kuchemsha?"

"Yai ni ndege ambaye hajaamka."

Nikarudi na sahani. Haikunisumbua sana. Siku ya pili nikampelekea matumbo ya ng'ombe, yameoshwa kwa kiwango cha Majengo, yamekatwa kama tambi, na karoti na pilipili hoho. Kitu ambacho madereva wa malori husimamisha lori katikati ya barabara kwa ajili yake. Mzee akanusa. Nikaona pua imekubali. Halafu akauliza:

"Nani amepika?"

"Mimi, mzee."

"Ndani? Jikoni?"

"Jikoni, ndiyo."

"Binti yangu amekufa?"

"Hapana mzee! Yuko sokoni Nkubu."

"Basi nitamngoja."

Na akamngoja. Akamngoja mpaka jioni, matumbo yakaganda, na yule binti akaja akamsongea ule ugali wake. Mzee akauma mara mbili, akameza kwa upendo wa mzazi, akasema ameshiba. Kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa shida ya pili: mwanaume anaweza kuchoma nyama, hiyo ni kazi yake tangu zamani. Lakini chungu kilicho ndani ya nyumba ni cha mwanamke. Mwanaume anayekorogea jikoni, tena mkwe, ni aibu inayoweza kumkaba mzee kooni.

Nilijaribu kila kitu. Nilimtuma binti yangu mkubwa apeleke chakula aseme ni yeye amepika. Mzee akamuuliza ameweka vitunguu vingapi. Msichana akaniangalia mimi kupitia dirisha. Sahani ikarudi. Nilijaribu kumfundisha mke wangu jioni baada ya kazi, tukaishia kurushiana mwiko. Wiki ikapita. Suruali ya mzee ikaanza kufungwa kwa kamba. Alipotembea kwenda chooni alishika ukuta, na sauti yake, iliyokuwa inasikika mpaka barabarani akikohoa, ikawa ndogo.

Mke wangu hakunipigia kelele. Angenipigia kelele ningejua la kusema. Aliketi ukingoni mwa kitanda akasema polepole, "Baba watoto, umelisha madereva wote wa barabara hii. Umelisha machokoraa wa mitaani. Umelisha mpaka askari wa kanjo waliokuja kukufungia hoteli. Mimi nakuomba unilishie mtu mmoja."

Ikabidi nikune kichwa.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyogeuka. Jumamosi hiyo nilinunua kichwa cha mbuzi na miguu yake minne, chakula cha watoto. Kichwa lazima kibabuliwe nywele kwenye moto kabla ya kupasuliwa, na mama watoto amepiga marufuku ile harufu ndani ya nyumba yake. Basi nikawasha moto nje, karibu na geti, hatua chache kutoka chumba cha mzee. Nikaanza kubabua. Moshi ukaenda moja kwa moja dirishani kwake.

Mlango ukafunguka. Mzee akatoka na fimbo, akasimama akinitazama kama mwalimu wangu wa darasa la tano.

"Unachoma kichwa au unakipasha joto?"

"Nachoma, mzee."

"Masikio bado yana nywele. Nyinyi watu wa Mbeere hamjui mbuzi?"

"Tunamjua sana, mzee. Sisi ndio tunawauzia nyinyi."

Akacheka! Sauti ilitoka puani, lakini ilikuwa kicheko. Akavuta debe tupu, akaketi, akaninyang'anya kisu. Akakwangua masikio, akakwangua mdomo, akageuza kile kichwa kama mtu anayenyoa mtoto wake. Akaniamuru nipasue. Akaniamuru niweke mawe matatu. Nikaingia jikoni nikachukua sufuria, ile ile iliyopika yale matumbo aliyokataa, nikaijaza maji nikaiweka juu ya mawe. Mzee hakuuliza sufuria imetoka wapi. Akaniagiza magome machungu ya kutia kwenye supu, nikayakimbilia sokoni kwa mama anayeuza dawa za miti. Ikachemka mchana kutwa. Alikunywa vikombe viwili, akala ulimi, akala nyama ya shavu, akafuta masharubu.

Hapo ndipo nikaelewa. Wanaume wakichinja, hupika supu yao nje, chini ya mbingu, na hakuna anayesema wameingia jikoni. Supu ni ile ile, mpishi ni yule yule. Kilichobadilika ni ukuta.

Kesho yake nikahamisha jikoni lote. Meza, visu, kibao, jiko la makaa, kila kitu nikakipanga pale getini chini ya bati. Majirani wakasema hoteli imefilisika nimeanza kupikia nyumbani. Nikawaacha. Mzee akala mapafu. Akala matumbo, yale yale, akasema haya sasa yamepikwa na mtu anayejua. Na kisha tukaanza mutura.

Mutura ni chakula cha wanaume hasa. Unachukua utumbo mnene, unaugeuza ndani nje, unauosha mpaka uimbe, unajaza nyama iliyokatwakatwa, damu, mafuta, kitunguu, dania na pilipili. Unafunga ncha, unachemsha kidogo, halafu unaweka juu ya makaa polepole. Mzee aliposikia ule mlio wa mafuta yakidondoka kwenye makaa alikuwa anatoka chumbani bila fimbo. Tena mutura ina damu, na daktari alisema damu imepungua, hivyo hata mimi bila cheti niliona hesabu hiyo inakubali. Mzee alikula asubuhi, akala jioni, akaagiza ya kulalia.

Tatizo ni kwamba mzee akipona anakula kama askari. Nyama ya mbuzi siku hizi ni ya wanasiasa na watu wa harusi. Shule zilikuwa zimefungua, watoto wanne wanataka kila kitu kwa siku moja. Na kule Nkubu kulikuwa na mfugaji anayeondoa leya wake wote, anawauza kwa gunia.

Mnajua nilichofanya. Na ninyi mngefanya hivyo kama mngekuwa na akili zangu.

Nikawachemsha hotelini na papai, nikatoa mifupa yote, nikakata nyama ndogondogo mpaka mama yake huyo kuku asingemtambua. Nikachanganya na damu ya ng'ombe, mafuta ya utumbo na pilipili kidogo zaidi ya kawaida. Nikaileta nyumbani ndani ya bakuli, tayari kwa kujaza. Mzee mwenyewe ndiye aliyeshika utumbo nikiujaza.

"Nyama hii ni ya nini?"

"Mbuzi, mzee."

"Mbuzi wa wapi?"

"Wa kwetu Mbeere."

Akatafuna. Akatafuna tena. "Mbuzi wenu ni laini," akasema. "Mnawalisha nini?"

"Mapapai," nikajibu, na mpaka leo naona jibu hilo lilikuwa la heshima.

Akanenepa, jamani. Kamba ikaondoka kwenye suruali. Akaanza kubishana na mtangazaji wa redio, akimwita mjinga kwa jina. Akaanza kukohoa kwa sauti ile ya zamani na mbwa wa jirani wakamjibu. Mke wangu aliniletea chai bila kuombwa, akanishika bega mbele ya watoto. Nilitembea pale Makutano kama mtu aliyechaguliwa.

Siku tano kabla ya kurudi hospitali, akaja mgeni kumwona mzee. Mzee mwenzake, wa rika lake, mfupi, meno machache na mdomo mwingi.

"Muuga!" akasalimu kutoka getini. Nikampa kiti cha plastiki. Nikamkatia mutura ikiwa bado inatoa mvuke, na chumvi pembeni na kachumbari. Akala kipande kimoja akafumba macho. Akala cha pili.

"Hii," akamwambia baba mkwe, "imenunuliwa wapi?"

"Huyu mkwe wangu ndiye ametengeneza."

Mgeni akaniangalia kutoka viatu mpaka kofia. "Hapana. Hii ni ya bucha kubwa. Hii ina mtu aliyesomea. Huyu kijana amenunua mahali, amekuja kukudanganya wewe mgonjwa."

"Nimetengeneza mimi, mzee," nikasema, bado kwa adabu.

"Umenunua."

"Sikununua."

"Mtu hawezi kufanya nyama ya mbuzi ikawa hivi nyumbani. Mimi nimekula mbuzi miaka yangu yote. Sema tu umenunua, si vibaya."

Mtu anaweza kuniita mwizi wa sukari, nitanyamaza. Anaweza kusema nyumba yangu imepinda. Lakini kuchukua kazi ya mikono yangu na kumpa mtu mwingine, mtu ambaye hata hayupo! Kichwa kikapata moto, mdomo ukafunguka wenyewe.

"Nimenunua? Hiyo si mbuzi hata kidogo, mzee! Hiyo ni leya! Kuku aliyetaga mpaka akakoma! Nimemchemsha na papai bichi, nimemtoa mfupa mmoja mmoja kwa vidole hivi! Niambie ni bucha gani mjini inaweza kufanya hivyo!"

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Yule mgeni alikuwa na kipande mdomoni, akakaa nacho, macho yakienda huku na huku, hajui ateme au ameze. Akameza. Halafu akachukua kingine, taratibu, akifikiri hatumwoni.

Baba mkwe aliweka kipande chake kwenye sahani, akapangusa kisu kwa jani la mgomba, akakiweka juu ya meza. Akaingia chumbani akafunga mlango kwa komeo.

Siku hiyo hakula. Siku ya pili alikunywa chai ya rangi. Nilichoma maini halisi ya mbuzi chini ya dirisha lake, nikapepea moshi kwa kofia. Dirisha likafungwa. Mke wangu alihamia kulala na wasichana.

"Mama watoto," nikamwita kupitia mlango, "niambie basi nifanye nini."

"Umesifiwa?" akaniuliza. "Umeshinda? Basi kale sifa."

Siku tatu zilibaki. Nilijua mambo mawili. La kwanza, nilikuwa nimefanya kazi ambayo hospitali nzima isingeiweza. La pili, mzee akifika kule anatetemeka kwa njaa, kazi hiyo yote ni bure, na mke wangu atazeeka akinitazama kwa macho yale. Nikaenda nikasimama mbele ya mlango wa mzee, nikavua kofia.

"Baba. Sema unachotaka."

Sauti ikatoka, nyembamba lakini kali. "Niitie mwenzangu. Na wazee wengine wawili."

Wakaja. Wakaketi pale getini kwenye viti vyangu vya hoteli, wakanisimamisha. Kesi ilikuwa fupi. Nilijaribu kujitetea.

"Wazee, muulizeni kwanza kama nguvu hazikurudi. Muulizeni suruali."

"Hakuna anayeuliza suruali," akasema yule mgeni wa mdomo mwingi, ambaye sasa alikuwa hakimu. "Ulimwambia baba mkwe wako ni mbuzi. Kulikuwa na mbuzi?"

"Utumbo ulikuwa wa mbuzi."

Wakaangaliana. Nilidhani nimewapata. Wakainamiana, wakanong'ona Kimeru cha ndani ambacho mtu wa Mbeere hakishiki vizuri, wakarudi na hukumu: nilete mbuzi dume, mnono, achinjwe hapa hapa, na mzee ale mbele ya mashahidi ajue anachokula. Mbuzi mzima, mimi, mtu ambaye hununua shingo!

Sasa, mimi ni mfanyabiashara. Nilitafuta mbuzi. Nikapata mmoja mwenye bei nzuri, mwenye ndevu nyingi na macho ya kuchoka, nikamleta nikimsukuma kidogo kwa nyuma. Wazee hawakuangalia mbuzi, waliniangalia mimi. Mmoja akasimama, akamfungua mdomo, akahesabu meno.

"Huyu ni leya," akasema.

Wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu. Na humo chumbani, nyuma ya dirisha, nikasikia ile sauti ya puani. Nikaenda nikaleta mwingine, kijana, mnene, wa bei ambayo sitaitaja kwa sababu bado inauma.

Tulichinja asubuhi. Mzee alitoka mwenyewe, amevaa koti, amesimama wima kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Aliketi mahali pa juu. Alikula maini yakiwa bado yana moto, akala mbavu, akala figo, akamweleza kila mzee aliyepita barabarani kwa nini mbuzi huyu amechinjwa na nani amelipa. Kila alipomaliza kueleza alipata njaa tena. Mimi nilipewa kazi ya kuchochea moto. Siku zote zilizobaki alikula faini yangu, na ilipokwisha alikunywa supu ya mifupa yake, na mke wangu akarudi chumbani kwetu na kunisogezea blanketi.

Hospitali walichukua damu, wakarudi na karatasi. Daktari akasema imepanda vizuri, akauliza tulikuwa tunampa nini.

"Mbuzi," akasema mzee, akanigeukia kuona kama nina la kuongeza.

Wakamwingiza asubuhi. Mke wangu alikaa kwenye benchi ameshika koti la baba yake magotini, akikunja mkono wa koti na kuukunjua. Nilinunua mandazi, hakula. Nilimwambia habari za mteja mmoja mjinga, hakusikia. Mchana mlango ukafunguliwa, wakamsukuma nje kwenye kitanda cha magurudumu, masikio yake makubwa yakitokeza kwenye shuka, na jambo la kwanza alilosema lilikuwa tusi kwa mtu aliyesukuma kitanda kile kilichopiga kelele. Mke wangu akaketi chini, pale pale sakafuni, akalia.

Siku iliyofuata nesi mmoja mdogo, msichana mchangamfu, akaja wodini na maagizo.

"Guka, babu yangu, kwa siku chache hatutaki nyama nzito, sawa? Hakuna mbuzi, hakuna mutura. Utakunywa supu ya kuku. Nyepesi tu, bila pilipili."

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye miguu ya kitanda. Mke wangu akanikanyaga kidole kabla sijafungua mdomo. Mzee alitazama dari kwa muda.

"Hiyo ni dawa?" akamuuliza nesi.

"Eeh guka, wewe ichukue kama dawa."

"Ni daktari ameandika?"

"Ameandika."

Mzee akageuza kichwa kwenye mto, polepole, akanitazama. "Umesikia. Dawa. Na uitoe mafuta."

Nilikwenda nikaipika kama sijawahi kupika. Leya mmoja, tangawizi, chumvi kidogo, moto wa chini kabisa, nikaichuja kwa kitambaa cheupe mpaka ukaweza kuona chini ya kikombe. Nikaileta ndani ya chupa ya chai. Mke wangu akamwinua mabegani, nikamshikia kikombe. Alikunywa kidogo, akasubiri, kama mtu anayesikiliza kama kuna kitu kitatokea. Hakuna kilichotokea. Akanywa chote.

Nilifikiri huo ndio wakati mzuri. "Baba," nikasema, "kama kuku si kosa tena, basi yule mbuzi wangu wa faini..."

"Mbuzi ulilipa kwa ajili ya mdomo," akasema. "Kuku hajawahi kukushtaki."

Mke wangu akaanza kucheka, akaficha uso kwenye shuka ya baba yake, na mgonjwa wa kitanda cha pili naye akacheka ingawa hakujua kwa nini. Mzee akaninyooshea kikombe kitupu.

"Ongeza dawa."

Nikaongeza.